Usaili wa Kupeana Mgongo

Kwanza niseme wazi: kosa lilikuwa langu. Na kwa kuwa nimelisema mwenyewe, wengine wafunge midomo. Pale kijijini kwetu Kisima Saba wameligeuza wimbo. Hata watoto wa shule wakiniona wananipa mgongo, wanacheka, wanakimbia. Haya, chekeni, mtakua tu.

Mimi ni Dulcie Nakamarra. Hilo Dulcie nilipewa na wamisheni, Nakamarra nilizaliwa nalo. Kwetu jangwani, katikati ya Australia, kila mtu huzaliwa na jina la ukoo, na jina hilo ndilo linalokuambia nani ndugu yako, nani utamtania, nani utaoana naye na nani utamkimbia. Mwanamume anayeitwa Jangala, mke wake huwa binti wa mmoja wa kina Nakamarra. Kwa hiyo kila Jangala duniani, hata nisiyemjua, hata kibogoyo wa miaka themanini, ni mkwe wangu. Na mkwe hatazamwi usoni, wala haongeleshwi. Akija upande huu wa barabara, wewe unavuka upande ule. Si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote. Duka letu lina milango miwili kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa, mambo ya saikolojia niliyaingiaje, mimi bibi wa miaka sitini na tisa mwenye goti la chuma? Kwa hasira. Kila baada ya wiki sita ndege ndogo ilikuwa inatuletea mwanasaikolojia kutoka mjini, kila safari mtu mwingine. Anakaa saa mbili na karatasi yake. "Mama, kati ya moja na kumi, huzuni yako ni ngapi?" Wa kwanza nilimwambia nne, nisimsumbue. Wa pili nilimwambia kumi na moja, nione atafanya nini. Akaandika kumi, akatazama saa, akapanda ndege. Wa tatu, binti mzuri tu wa watu, akaniuliza, "Mwanao marehemu alikuwa anaitwa nani?" Jamani! Kwetu jina la marehemu halitajwi. Nilinyanyuka, nikatoka nje, nikakaa chini na mbwa.

Mbwa huyo ni Sajini. Ana sikio moja na mkia uliopinda, na harufu yake hufika kabla yake. Hakuwa mbwa wangu, nilimrithi tu. Hapo tuishie.

Basi nikaandika barua. Nikasema tumechoka na wanasaikolojia wa kudondoshwa na ndege, tunataka wa kwetu, anayejua lugha yetu. Wazungu ukiwalalamikia sana wanakupa kiti. Wakanijibu kwamba upo mfuko unaosomesha vijana wa asili ya nchi hii wawe wanasaikolojia, unawalipia ada, kodi ya nyumba na chakula kwa ile miaka miwili ya mwisho iliyo ghali. Kila mwaka nafasi moja. Je, Mama Dulcie angependa kukaa kwenye jopo la usaili kule mjini Alice Springs?

Mama Dulcie akapenda. Tena akaweka masharti mawili.

La kwanza, fomu zisiwe na majina, ziwe na namba tu. Mimi nina ndugu kuanzia hapa mpaka baharini, sikutaka mtu aseme nimependelea. La pili, mzee wa jamii akitoka chumbani katikati ya usaili, mwombaji ameanguka, na hakuna rufani. Hilo nililitaka kwa sababu ya wale wenye bibi mzaa bibi wa asili yetu waliyemgundua juzi, siku fomu zilipotoka. Wakaandika, wakapiga muhuri. Nikajiona mjanja kweli kweli. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini siku hiyo sikuikumbuka methali.

Jopo tulikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa Dokta Philippa Coote kutoka Melbourne, mwanasaikolojia mwenye shahada nyingi na hereni za mbao kubwa kama miiko ya kusongea. Ana moyo mzuri, ila mikono yake haitulii, akiongea na wewe lazima akushike. Wa tatu alikuwa Bwana Gavin, mhasibu wa mfuko, mwembamba, mwekundu kwa jua. Kazi yake ilikuwa kushika saa na kujaza alama. Mpaka usaili unaanza sikumsikia akisema zaidi ya "samahani".

Jioni ya kuamkia usaili tulikula pamoja hotelini. Dokta Philippa akanishika mkono. "Mama Dulcie, ningejisikia nimeheshimiwa sana kama ungenipa jina la ukoo." Jambo kama hilo linataka kukaa na kutafakari: huyu mtu ni nani, awekwe wapi, atakuwa nani wa nani. Mimi nilikuwa na mbavu za kondoo mdomoni. Nikasema, "Haya, chukua la kwangu. Wewe ni Nakamarra, dada yangu." Akalia. Asubuhi nikamkuta ameliandika kwa kalamu nene kwenye kitambulisho kifuani: DKT. PHILIPPA NAKAMARRA COOTE. Gavin hakuomba jina na sikumpa, na hicho ndicho kilichotuokoa.

Usaili ukaanza. Namba Moja alikuwa msichana mzuri kutoka pwani, lakini alitaka kubaki pwani. Namba Mbili alilia kabla ya kuulizwa. Namba Tatu alivaa mashada ya manyoya, akasema bibi yake alikuwa wa ukoo wa upepo. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka. Gavin akaandika sifuri. Kanuni inafanya kazi, nikafurahi.

Namba Nne ndiye niliyekuwa namngoja. Barua yake nilikuwa nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Aliandika hivi: "Nimesoma miaka minne huku nikiendesha lori mgodini. Nimebakiza miwili na pesa zimeisha. Nisipopata nafasi hii, Jumatatu narudi mgodini kwa mkataba wa miaka mitano, na sidhani kama nitatoka tena. Kwetu watu wanaumwa kitu kisichoonekana kwenye eksirei. Nataka kuwasikiliza kwa lugha yao." Chini akaandika mstari mmoja kwa Kiwalpiri, lugha yetu, bila kosa hata moja. Nikasema moyoni, huyu ndiye, hawa wengine tunawapotezea muda.

Mlango ukafunguliwa. Kijana mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

"Habari za asubuhi. Naitwa Leston Janga..."

Akaniona, akasoma NAKAMARRA kwenye kitambulisho changu. Nikamwona. Mtoto wa watu akaganda.

Mimi nikavuta kofia mpaka kidevuni. Yeye akageukia kushoto, macho yakatua kwenye kifua cha Dokta Philippa, akasoma NAKAMARRA nyingine! Akageuka tena, akazunguka kama anayetafuta pa kutokea, mwisho akasimama ameelekea kabati la mafaili, pua na chuma.

"Karibu, karibu!" Dokta Philippa akainuka. "Usiogope. Nitazame tu mimi." Akamfuata na kiti. Kijana akasogea. Akamfuata. Akasogea tena, mgongo kwetu, mikono ukutani. Wakaizunguka meza mara mbili, kama mtu na kuku wa sikukuu.

Dokta akarudi kwangu, akaninong'oneza: "Wasiwasi wa kupindukia. Maskini, huyu anahitaji matibabu, si masomo."

Damu ikanipanda. Kijana amefanya kitu cha adabu kuliko chochote kilichoonekana katika jengo lile tangu lijengwe, anaitwa mgonjwa! Lakini nitasemaje? Nikisema, mkwe ananisikia. Nikinyamaza, ameanguka. Nikitoka ili aweze kusema, ameanguka pia, tena kwa kanuni yangu mwenyewe, yenye muhuri. Nikatazama dirisha, lakini kupitia dirishani nako ni kutoka.

Nikaingia chini ya meza.

"Mama Dulcie!" Dokta akapiga kelele. "Umeanguka?"

"Dakika ya nane," akasema Gavin. "Samahani."

Nikavuta suruali ya Gavin. Nikaivuta tena, kwa nguvu, mpaka akashuka naye, magoti na mikono, miwani inaning'inia sikio moja.

"Wewe bwana," nikamnong'oneza, "una jina lolote la kwetu?"

"Mimi? Hapana. Samahani."

"Safi kabisa. Sasa sikiliza. Yule kijana ni mkwe wangu. Hawezi kunitazama, hawezi kusema na mimi."

"Mmegombana?"

"Tumeheshimiana, we mtu!"

"Aa. Sasa kwa nini asimtazame Dokta Philippa?"

"Naye ni mama mkwe wake. Nilimpa jina jana, mbele ya mbavu."

Gavin akafikiri. "Dokta anajua?"

"Nenda kamwambie."

Akapanda juu. Nilimsikia akikohoa. "Mwenyekiti, samahani. Inaonekana wewe ni mama mkwe wa mwombaji. Tangu jana saa mbili usiku."

"Mimi? Sijaolewa hata mara moja! Sina mtoto, nina paka!"

"Hata hivyo."

"Basi nalivua!" Nikasikia kitambulisho kinang'olewa. "Hili hapa. Kwisha."

"Mwambie," nikanguruma kutoka chini, "jina si kofia!"

Huko juu nikamsikia Dokta anapumua kwa nguvu, kama mtu anayesoma bili mara ya pili. Nikajua sasa ataita mlinzi, au ataita chai, hawa wakizidiwa huita chai. Mara nikasikia miguu ya kiti inakwaruza sakafu. Nikachungulia. Dokta Philippa Nakamarra Coote alikuwa amekibandika tena kitambulisho chake, upande chini upande juu, na amegeuza kiti chake kuelekea ukutani, ameketi wima, mikono magotini. Haki ya nani, hapo ndipo nilipompenda. Nikatoka chini ya meza, nikageuza changu vile vile. Gavin akabaki katikati, mtu pekee chumbani anayeruhusiwa kumwona kila mtu.

"Sasa nifanye nini?" akauliza.

"Tusemee," nikasema. "Kwetu mkwe hupelekewa neno na mtu wa kati. Sisi tunakuambia wewe, wewe unamwambia yeye. Naye hivyo hivyo."

"Lakini si anatusikia?"

"Gavin!"

"Samahani."

Dokta ndiye aliyeanza, na nikiri kwamba swali lake lilikuwa na meno. "Muulize: kama nusu ya kijiji ni wakwe zake na hawezi kuwatazama, atamtibu nani?"

Na lilikuwa la kweli. Ningekuwa mimi ndiye mwenye pesa, ningeuliza hilo hilo.

Gavin akarudia. Kijana akaliambia kabati la mafaili, kwa sauti ya pole: "Bwana, waambie hao waliokutuma. Chuoni wanatufundisha tumtazame mgonjwa machoni. Babu yangu alinifundisha kumsikia mtu bila kumtazama. Kuna wakwe zangu ambao sijaona nyuso zao tangu nilipopata akili, lakini nikisikia mtu anaweka birika motoni najua ni yupi, na najua kama alilala. Mtu akitazamwa sana anaficha. Akipewa mgongo anasema. Hapa chumbani, kwa mfano, yupo mmoja goti linamuuma, yupo mmoja analia tangu alipogeuza kiti, na wewe bwana umeisimamisha saa."

Nikasikia kamasi linavutwa upande wa Dokta. Gavin akatazama mkono wake. "Ni kweli," akasema. "Nimeisimamisha. Sijui kwa nini."

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na maswali sita kwenye karatasi, yote mazuri, ya sheria na ya siri za wagonjwa. Sijui yalikwenda wapi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mwambie hivi, Gavin. Yupo mama mmoja. Si wa Kisima Saba, wa mbali huko, humjui. Alikuwa na mwanawe. Barabara ilimchukua, gari lilipinduka, mwaka wa nne huu. Huyo mama hasemi. Wakija wa ndege anawapa namba yoyote waende zao. Wakimuuliza sana anatoka nje anakaa na mbwa. Muulize atamfanyaje mtu mkaidi kama huyo."

Gavin akarudia neno kwa neno.

Kiyoyozi kilinguruma, kikazima, kikawaka tena. Nikaanza kujilaumu: umemtega mtoto, umemaliza kazi ya kumwangusha.

"Mwambie huyo mama," kijana akasema hatimaye, "sitamuuliza jina. Sitamuuliza ni ngapi kati ya kumi. Aje tu akae. Aanze na mbwa."

Nilimsikia vizuri sana. Lakini utaratibu ni utaratibu. "Gavin," nikasema, "bado sijaambiwa."

Gavin alijaribu mara mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Amesema," akasema, "aanze na mbwa."

Kijana alipotoka, kinyumenyume, akipapasa mlango, tulibaki bila kugeuka kwa muda. Kisha Gavin akachukua fomu. "Kuna kipengele hapa. Kutazamana macho na jopo, alama kumi. Niandike ngapi?"

"Kifute," akasema Dokta Philippa kwa ukuta. "Kifute kabisa, kwa miaka yote."

Jumatatu basi la mgodini liliondoka bila Leston Jangala. Jumanne, tukiwa bado hotelini, nikaona Gavin anakuja na mfuko wa plastiki ameushika mbali na mwili. Mkia wa kangaruu, mzima, na manyoya yake, umegandishwa. Mkwe akipata, humlisha mama mkwe, nyama huletwa na mtu wa kati. Na huyu kijana alilelewa. Saa hiyo hiyo simu yangu ikalia.

"Mama Dulcie," Dokta Philippa ananong'ona, "kuna mkia hapa mapokezi. Umeandikwa jina langu."

"Mkwe wako huyo. Kula."

"Wote?"

"Ukiurudisha umemtukana."

Akapanda nao ndege mpaka Melbourne. Nasikia pale uwanjani walimhoji dakika arobaini, na kila afisa aliyemuuliza alijibiwa, "Ni wa mkwe wangu."

Miaka miwili ikapita. Jangala akarudi na shahada, akafungua kazi Kisima Saba, si ndani ya zahanati bali nje, kwenye kibanda cha matawi. Katikati akaning'iniza turubai. Anayeruhusiwa kumwona anakaa upande wake. Sisi wengine tunakaa huku. Wiki ya kwanza hakwenda mtu. Watu walipita wakijifanya wanatafuta kuni.

Siku ya nane nikaenda mimi. Nilitangaza barabara nzima kwamba nakwenda kukagua kwa niaba ya mfuko, kwamba zile ni pesa za watu na lazima mtu aangalie. Nikaketi. Nikakagua turubai, lilikuwa zima. Nikakagua kamba. Sajini akajilaza chini katikati, kichwa upande wake, mkia upande wangu.

Mtu wa kati sikuja naye. Nani ningemleta akasikie? Upande wa pili nikasikia birika linawekwa motoni, halafu sauti ile ya pole. Haikuniambia mimi.

"Sajini," akasema, "mwambie mgeni wako nina siku nzima."

Mbwa hana mdomo wa kwenda kusengenya. Nikaona inafaa. Nikamwambia Sajini kwamba turubai ni zuri. Nikamwambia upepo wa leo mbaya, sukari imepanda, dukani wamebandika tangazo la kijinga. Yule wa upande wa pili hakuharakisha. Nikasikia anakoroga chai, akaacha. Nikaushika mkia wa mbwa.

"Sajini," nikasema, "mwambie. Wewe hukuwa mbwa wangu. Mwambie ulikuwa wa nani."

Mbwa hakusema kitu. Ikabidi niseme mwenyewe.